Pumzi za Karani

Mkono wangu wa kulia ulianza kufa ganzi miaka miwili kabla sijamjua Karani, na sikumwambia mtu. Ganzi yake haipigi hodi. Naweza kuwa nimeshika kikombe, mara vidole vinakuwa si vyangu, naviona tu pale mwisho wa mkono kama vya mtu aliyekaa karibu nami. Dakika tano, sita, kisha damu inarudi na sisimizi wake. Nimebeba magunia, nimechoma matofali, nimelima kwa trekta za watu, nimepaka rangi mapaa ambayo sijawahi kulala chini yake. Mkono umechoka, basi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilisema mzee akitaja maradhi hapewi kazi.

Kazi niliipata kwenye kliniki ya wanyama, jengo la chini lenye vyumba vinne: cha kusubiri, cha kupima, cha upasuaji na stoo. Chumba cha kusubiri na cha upasuaji vilitenganishwa na ukuta wa mbao tu, mtu akikohoa huku anasikika kule. Niliwakuta watu wawili. Daktari, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Na nesi, binti mrefu wa maneno mengi, aliyenibatiza Babu Mizigo wiki ile ile niliyoingia, kwa sababu begi langu lilikaa chini ya sinki ya stoo limefungwa zipu na nguo zote zimo. Sijawahi kulitoa begi hilo vitu vyote mahali popote.

"Babu Mizigo, gari limeondoka?" ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi.

"Bado. Linanisubiri mimi."

Nilipiga deki, nilinyoa wanyama sehemu za kupasuliwa, na nilikuwa mtu wa pumzi. Hilo la mwisho nilieleze vizuri, maana kisa chote kimekaa hapo.

Kifua ni kama mvukuto wa mhunzi. Kikipanuka, hewa inaingia, kikirudi, inatoka. Ukikitoboa, mvukuto umechanika, mapafu yanasinyaa yakabaki kama nguo iliyolowa, na mnyama hata ajitahidi vipi hayainui tena. Kwa hiyo kabla ya kupasuliwa hutiwa mpira kooni, mpira unaunganishwa na mfuko mweusi wa oksijeni, na mtu anakaa kuuminya. Ukiminya, mapafu yanajaa. Ukiachia, yanalala. Usipominya, hakuna kitu kingine duniani kitakachoyainua. Hospitali kubwa zina mashine ya kazi hiyo. Yetu ilikuwa imekufa zamani, imesimama kwenye kona na shuka juu yake, nesi ameigeuza ya kutundikia makoti. Mashine nikawa mimi.

Daktari alinifundisha siku moja tu. Kwa paka, minya kwa vidole vitatu, siyo kiganja, maana pafu la paka ukilizidishia hewa linapasuka. Tazama saa ya ukutani. Kila sekunde tano, pumzi moja. Na kila ukiminya, sema kwa sauti, "Pumzi," ili yeye ainue sindano kabla pafu halijamfuata mkononi. Nikadhani amemaliza.

"Halafu usipumue naye, mzee wangu," akasema. "Kila anayeshika mfuko hujikuta anapumua pamoja na mgonjwa. Ukichoka wewe, atachoka na yeye."

Nikazoea. Neno lile likakaa mdomoni, nikawa nalisema hata nikipiga deki. "Pumzi." Nesi akinisikia anajibu kutoka chumba cha pili, "Nimeshapumua, asante."

Karani aliletwa ndani ya kikapu cha nguo na mama mmoja mjane, mwembamba, aliyevaa viatu vya kiume vilivyomzidi. Alikuwa paka dume wa rangi ya majivu, mkubwa, ameitwa Karani kwa sababu haoni karatasi ndani ya nyumba asiikalie. Lakini siku ile hakukalia kitu. Alisimama mezani amepanua viwiko, anahema kwa tumbo, mdomo wazi.

Daktari akatundika picha ya eksirei kwenye taa.

"Huu ni moyo," akasema. "Na huu hapa pembeni yake ni utumbo. Utumbo hauna kazi kifuani. Kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kimechanika, vya chini vimehamia juu. Huyu alibanwa?"

"Na mlango wa gari," mjane akajibu. "Siku walipokuja kumchukua marehemu mume wangu. Paka alikuwa anamfuata, wakafunga mlango. Alilia mara moja tu, akaingia chini ya kitanda. Siku ile nani angemtazama paka?"

"Lini?"

"Miezi sita."

Daktari akaitazama tena picha. Baada ya miezi sita vitu hushikamana, ini na pafu wakawa ndugu. "Mama, nisikufiche. Tukimwacha, siku moja atakula, tumbo litajaa humo kifuani, atakosa pa kuwekea hewa. Nikimpasua, anaweza kubaki mezani. Nusu kwa nusu."

"Mpasue. Ila asiachwe peke yake."

Daktari na nesi walipokwenda kuandika fomu, mjane alinikuta nikimwekea Karani taulo lililokunjwa chini ya mikono, ili kifua kiwe juu kuliko tumbo. Mgonjwa wa namna hiyo halazwi chali mpaka dakika ya mwisho. Ukimlaza, utumbo wote unateremkia kwenye mapafu.

"Kaka," akaniambia kwa sauti ya chini, "huyu halali. Tangu msiba hajalala usingizi. Anafumba macho tu, masikio yamesimama. Mume wangu aliugua mapafu miaka miwili, na miaka yote hiyo Karani alilala juu ya kifua chake. Anapanda na kushuka. Marehemu alipumua hivi: tatu fupi, moja ndefu, halafu kimya." Akaonyesha kwa kiganja, juu chini, juu chini. "Hicho kimya ndicho kilichonizeesha. Nilikuwa nakihesabu. Nikifika saba, anavuta. Miaka miwili sikuwahi kuhesabu nane, mpaka siku ile."

Nikamkuna Karani nyuma ya sikio.

"Ni wewe utakayempumulia?"

"Ni mimi."

"Mikono yako mizima?"

"Mizima, mama."

"Niahidi hutamwachia."

"Simwachii," nikasema.

Maandalizi tuliyafanya kama kawaida. Hakupewa chakula tangu jioni. Asubuhi nesi alimtoboa mshipa wa mkono wa mbele, akampa dawa ya kumtuliza, nami nikamshikia kifuniko cha oksijeni puani dakika tano, ili aingie safarini na akiba. Kisha nikamnyoa, kuanzia kooni mpaka chini ya kitovu. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, na pale kwenye mbavu niliona mstari hafifu, alama ya mlango.

Alikuwa macho nusu. Hakunitazama mimi wala mashine ya kunyolea. Alitazama juu ya bega langu, na mboni zake zilikuwa zikisogea taratibu: juu, chini, juu, chini, juu, chini. Kisha juu, zikakaa.

"Anaangalia nini huyu?" nesi akauliza.

"Dari."

"Dari haipandi na kushuka, Babu." Akacheka, lakini akageuka kutazama.

Hapakuwa na kitu. Makoti yetu mawili kwenye kona, juu ya ile mashine iliyokufa.

Tulianza saa tatu asubuhi. Mjane alikaa upande wa pili wa mbao, kwenye benchi. Karani alilala, mpira ukaingia kooni, akafungwa mikono na miguu, akapakwa dawa ya kahawia, akafunikwa vitambaa mpaka akabaki mstari tu wa ngozi. Daktari akapasua kuanzia tumboni kupanda juu. Nikasikia ule mfyonzo mdogo, kama mtu anayefungua chupa, hewa ikiingia mahali isipopaswa. Tangu hapo, uhai wa Karani ulikuwa vidoleni mwangu.

"Pumzi," nikasema. Mapafu yakajaa, rangi ya waridi. Yakalala.

"Pumzi."

Nesi alikuwa na karatasi. Kila baada ya dakika tano alitazama pafu kwa dakika nzima na kila likipanda anapiga kijistari. Ndiyo taratibu yao: haandiki ninachosema, anaandika anachokiona.

Ini lilikuwa limeshikana na pafu kweli. Daktari alilitenganisha uzi kwa uzi, akirudisha vitu tumboni kimoja kimoja kama mtu anayepanga nguo kabatini. Nilitazama saa. Nilitazama saa tena. Kila mshale ukigusa namba, "Pumzi." Dakika arobaini zikapita hivyo, na sauti yangu mwenyewe ikawa kama maji ya bomba, inatiririka bila mimi.

"Mzee wangu," daktari akasema bila kuinua kichwa, "umebadilisha mwendo?"

"Eh?"

"Siyo vibaya. Hicho kimya kirefu kinanipa nafasi ya kushona. Endelea hivyo hivyo."

Hapo ndipo nilipotazama mkono wangu.

Ulikuwa umelala juu ya kitambaa, kiganja kimetazama juu, vidole vimefunguka. Sikuwa nausikia hata begani. Ulikuwa umekufa tangu lini, sijui. Mdomo umeendelea kusema pumzi na mkono haupo kazini. Mfuko mweusi ulikuwa unaning'inia kwenye mpira wake, umejaa, haujaguswa na mtu.

Na ndani ya kifua kile kilicho wazi, mapafu ya Karani yalipanda.

Yakalala. Yakapanda. Yakalala. Yakapanda, yakalala. Kisha yakapanda taratibu, mbali, mpaka pembe zake zikafunguka kama jani, yakashuka, yakatulia.

Nikahesabu. Sikutaka, lakini nilihesabu. Moja. Mbili. Sindano ya daktari ikaingia kwenye kiwambo, ikatoka. Tatu. Nne. Nesi anapiga vijistari. Tano. Nilitaka kupiga kelele, na niliona waziwazi kitakachofuata: daktari atashtuka, sindano itachana, mimi nitanyakua mfuko kwa pupa na kupasua pafu. Sita. Tena kulikuwa na woga mwingine, ambao mpaka leo sina jina lake. Nilihisi kwamba mahali pale pamekaliwa. Kwamba nikinyoosha mkono nitamgusa mtu.

Saba.

Mapafu yakapanda.

Sikusema tena pumzi. Hakuna aliyeona tofauti. Nyuma yangu nilisikia koti langu likigusana na koti la nesi, na sisi sote watatu tumesimama mezani, na hakuna upepo chumba kile. Sikugeuka. Mimi ambaye nimelala makaburini kwa kukosa nauli, na nikaamka nikapiga mswaki pale pale, siku ile sikuthubutu kugeuka.

Ilidumu hivyo muda wa daktari kumaliza kiwambo chote. Akabakisha mshono mmoja.

"Haya. Pumzi moja kubwa uishikilie, tutoe hewa iliyobaki, nifunge. Mzee wangu. Pumzi kubwa."

Hiyo ni lazima mtu aminye kwa amri. Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikaushika mfuko.

Haukukubali. Ulikuwa mgumu vidoleni mwangu, siyo ugumu wa hewa, ugumu wa kitu kinachoshikiliwa upande wa pili. Nimebeba mizigo pamoja na watu wengi maishani. Najua mtu anapokuwa hajakuachia uzito kwa sababu hajakuamini bado.

"Nimeshika," nikasema. Sijui nilimwambia nani.

Ukaniachia. Uzito ukaja wote kwa mara moja, kama gunia linavyokuja mgongoni, mpaka kiwiko kikayumba. Nikaminya kwa vidole vitatu. Mapafu yakajaa mpaka juu, hewa ikatoka kwa vipovu pembeni mwa mshono, daktari akafunga fundo.

"Tayari," akasema. "Mpeni mama yake habari."

Baada ya kuwekewa mrija mdogo kifuani na kufungwa ngozi, Karani alianza kuvuta pumzi mwenyewe. Nikaweka sikio. Haraka haraka, ndogo ndogo, pumzi za paka. Hazikuwa na mwendo wa mtu ndani yake.

Mchana ule nilimfuata daktari kwenye sinki, nikamwambia yote. Mkono, uongo, mfuko uliobaki umejaa. Alinawa mpaka nikamaliza.

"Ungeniulia paka," akasema.

"Najua."

"Lakini hakufa."

"Siyo kwa sababu yangu."

Akajifuta vidole kimoja kimoja, akaenda akaleta karatasi ya nesi. Vijistari vya mwanzo vilikuwa vimekaa sawa, kumi na viwili kila dakika, kama fito za ua. Kisha, katikati ya ukurasa, vilibadilika. Vitatu vimebanana, kimoja kirefu, pengo. Vitatu, kimoja kirefu, pengo. Mpaka chini.

"Niliandika nilichokiona," nesi akasema mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Daktari alikwenda kwenye ile mashine ya kona. Akaondoa makoti, akavuta shuka. Waya wa umeme ulikuwa umezungushwa shingoni mwake vile vile, na vumbi juu yake halikuwa na alama ya kidole. Akaifunika tena. Makoti hakuyarudisha.

"Utapiga deki tu," akaniambia. "Mfuko hutaushika tena. Na mjane utamwambia mwenyewe, siyo mimi."

Nilipanga kuondoka. Mwili wangu unajua saa yake. Ukifika wakati, hata ukuta unaninukia vibaya. Lakini nilikuwa nimebakiza deni la neno, na mjane angerudi siku ya kumi kumtoa Karani nyuzi. Nikasubiri.

Katika siku hizo kumi ndipo mkono ulipoanza. Ganzi ikija, mkono haulali tena kama zamani. Nikiuweka pajani, vidole vinajikunja vyenyewe. Mara tatu haraka. Mara moja taratibu. Halafu vinatulia, nami nabaki navitazama.

Mjane alikuja saa nane mchana. Daktari akatoa nyuzi, akasikiliza kifua, akasema mgonjwa ni mzima kuliko mganga. Nesi akawarudisha chumba cha kusubiri waandikiwe kadi. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi, begi miguuni. Gari langu la kweli, siyo la mzaha, lilikuwa la saa kumi.

"Mama," nikasema, "nilikudanganya. Mkono wangu si mzima. Ulikufa katikati ya kazi. Nilimwachia Karani."

Akaweka kikapu chini, akakaa.

"Najua."

"Nani kakwambia? Nesi?"

"Ukuta." Akagusa mbao nyuma ya kichwa chake. "Nilikaa hapa hapa, nimeegemea. Mwanzoni nilikusikia wewe, pumzi, pumzi, kama muuza maji. Nikawa na wasiwasi. Halafu nikasikia tatu fupi na moja ndefu. Nililala, kaka. Mimi pia nilikuwa sijalala miezi sita. Kuzinduka, binti ananishika bega ananiambia paka kapona."

"Hukuogopa?"

"Nimuogope mtu niliyemhesabia miaka miwili?" Akatazama viatu vyake. "Kilichonitisha ni nyumbani. Nilidhani atarudi na paka. Hakurudi. Karani bado halali. Anatafuta vyumba vyote."

Karani alikuwa ametoka kikapuni. Tumbo lake lenye upara lilionekana kama la kifaranga. Akapanda kwenye benchi, akaukuta mkono wangu wa kulia umelala kati yetu, umekufa tangu nilipoanza kusema. Akaunusa. Vidole vikajikunja: mara tatu, haraka. Kisha taratibu, vikafunguka.

Paka akapanda juu ya mkono, akajizungusha mara moja, akajilaza. Masikio yake, ambayo sijawahi kuyaona yameshuka, yakashuka. Akalala.

Mjane hakulia. Alisogea tu kidogo, kama anavyosogea mtu kumpisha mwingine kwenye benchi.

"Gari lako saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi."

"Na huu mkono utakwenda nao?"

Vidole vilikuwa vimetulia chini ya paka, na midomo yake mjane ilikuwa imeanza kutembea bila sauti. Nikagundua kwamba yangu pia. Moja. Mbili. Tatu. Nje honi ya gari la saa kumi ikalia, limewahi. Nne. Sikuwa nausikia mkono. Kama ungekataa kujikunja, nisingeweza kuulazimisha. Tano. Sita. Paka akafumbua jicho moja.

Saba, na vidole vikajikunja. Jicho likafumba.

Nesi akachungulia mlangoni na kadi mkononi, akaona begi langu. "Babu Mizigo! Gari limeondoka?"

Nikaweka kidole cha kushoto mdomoni anyamaze.

"Limeondoka," nikamwambia, polepole.